Muosha matumbo wa Lubumbashi na kongosho lake dogo

Jua bado limejificha nyuma ya ukuta wa machinjio, na mikono ya Wivine Kishimba imekwisha zama hadi viwikoni ndani ya karai la maji ya vuguvugu. Anageuza tumbo la ng'ombe ndani nje kama mtu anayegeuza foronya. Mvuke unampanda usoni. Kisu chake, kilichonolewa mpaka kikabaki chembamba kama jani, kinatenganisha mafuta na nyama bila kutoboa utumbo.

Mara kisu kinasimama. Wivine anainua kipande kirefu, laini, chenye rangi ya waridi iliyofifia na vinundu vidogo kama punje za mahindi mabichi. Anakilaza kiganjani. Anakitikisa kidogo, kana kwamba anakipima uzito.

“Angalia hii, Gracia,” anamwambia msichana anayeosha kwenye karai la pili. “Muzuri, munene. Huyu ng'ombe hakukuwaka na shida ya sukari.”

“Yaya Wivine! Leo tena unasikilia ng'ombe wivu?” Gracia anamuuliza; yaya kwa huku ni dada mkubwa.

“Nisimusikilie juu ya nini? Yeye alikufa na ya kwake nzima. Miye niko muzima, ya kwangu njo ilikufa.”

Gracia anacheka mpaka maji yanamwagika. Wivine hacheki sana. Anakiweka kile kipande pembeni, juu ya jani la mgomba, na kurudi kwenye tumbo lake.

Kipande hicho ni kongosho. Katika machinjio haya madogo, kando ya barabara iendayo Kipushi, hakuna anayekiita hivyo. Wanawake wanaoosha matumbo hukiita mafuta ya bongo, yaani mafuta ya uongo, kwa sababu kinafanana na mafuta lakini hakiyeyuki sufuriani. Wenye mabaa ya mtaa wa Karavia, ambao hugombania maini na figo, hawakitaki. Basi kwa desturi ya hapa kinakuwa matabishi, nyongeza ya bure ambayo kila muosha matumbo huondoka nayo baada ya kazi.

Wivine ana miaka thelathini na sita. Kwa miaka kumi na minne anaishi na kisukari cha aina ya kwanza, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki kwenye damu na mwili hufa njaa katikati ya chakula. Kila siku anajidunga sindano. Kila siku pia anashika makongosho ya wanyama, mamia na mamia kwa mwaka, na mwaka jana, kwa mara ya kwanza, aliliona la kwake.

Kazi yake hulipwa kwa idadi ya matumbo. Siku nzuri anaondoka na faranga elfu kumi na tano, na chupa moja ya insulini inameza kazi ya siku tatu. Chupa hiyo anaitunza kwenye friji ya jirani yake muuza soda, papa Ruben, ambaye umeme ukikatika humgongea mlango na kumrudishia chupa kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Lakini ukimuuliza ugonjwa umemnyima nini, hataji fedha.

“Mitwaba,” anasema.

Huko kaskazini, safari ya siku kadhaa kwa lori, ndiko aliko mama yake. Babu yake Wivine alichukuliwa Mitwaba kuja kuchimba Kipushi, baba yake akazaliwa na kuchimba palepale, na Wivine mwenyewe akakulia katika nyumba za wafanyakazi, karibu na kanisa. Mgodi uliposimama, baba alibaki akiusubiri ufunguliwe. Alikufa akiusubiri. Mjane wake, mama Mapalo, akafunga virago na kurudi kwa ndugu zake Mitwaba, kulima mihogo. Siku mama huyo anapanda lori, Wivine alikuwa na mimba changa ambayo hakuwa amemwambia mtu.

Mtoto akazaliwa: Bénie. Baba wa Bénie akaenda Kolwezi kutafuta kobalti na habari zake zikakatikia huko. Bénie hajatimiza mwaka, Wivine akaanza kukonda, kunywa maji ndoo nzima, na kukojoa bila kupumzika. Watu wakasema amerogwa. Muuguzi mmoja akampima damu na kusema ni sukari.

Mama Mapalo hajawahi kumwona mjukuu wake. Bénie sasa ana miaka kumi na minne, na simu ya bibi yake haipokei picha.

Wivine alijaribu kwenda mara moja, Bénie akiwa bado anabebwa mgongoni. Walipanda lori la mfanyabiashara wa jumla, juu ya magunia ya chumvi na maboksi ya sabuni. Chupa za insulini zilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa juani. Lori liliharibika, likatengenezwa, likaharibika tena.

“Nilikuwa najitia sindano, lakini ilikuwa sawa nimejitia maji,” anakumbuka. “Dawa ilipikwa na jua. Kufika Bunkeya nilikuwa natapika tu. Bantu baliniteremsha, banasema huyu mama atatufia huku juu. Nilirudia na lori ya makala ya kupikia. Bénie alikuwa mweusi kama sufuria, unaona tu macho.”

Hakuthubutu tena.

Kila Jumapili baada ya misa, mama Mapalo hushikwa mkono na jirani na kupandishwa kwenye kilima kinachopata mtandao. Zamani alipanda peke yake. Macho yake yanafifia. Timu ya madaktari wa macho iliyopita Mitwaba ilisema ni presha ya macho, na kwamba kile kilichokwisha potea hakitarudi. Bado anaona mwanga, anaona mtu ni mtu, mrefu au mfupi. Kesho na keshokutwa hakuna anayejua.

“Utakuya lini?” huuliza kila mara, kabla ya salamu.

“Nitakuya, mama.”

“Unasemaka vile tu. Bwana Yesu pia anasemaka atarudi, lakini Yeye alisema hatujue saa. Weye uniambie saa.”

Wivine anasimulia maneno hayo akicheka, na kicheko chake kinaishia njiani.

Ndiyo maana, mwaka jana, daktari wake alipowaita watu wazima wenye kisukari cha aina ya kwanza kwenye utafiti mdogo, Wivine alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Dokta Bénédicte Kavugho ni mzaliwa wa Butembo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sokoni, na mwenyewe hutania kwamba watu wa kwao hawaamini kitu ambacho hakijawekwa kwenye mizani. Alitaka kujua mambo mawili kwa kila mgonjwa. La kwanza, kongosho lake lina ukubwa gani. La pili, je, bado linatengeneza insulini yoyote, hata chembe?

“Watu wengi wanaona swali la pili ni la bure,” anasema Dokta Kavugho. “Wanasema kama ni aina ya kwanza, kongosho imekwisha, tufunge mlango. Lakini kuna wagonjwa wamekaa na ugonjwa miaka kumi, ishirini, na ukipima vizuri unakuta kuna kitu bado kinapumua mule ndani.”

Siku ya kipimo, Wivine alilala chali kwenye kitanda cha kliniki, tumbo limepakwa mafuta baridi ya ekografi, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili. Alikuwa amejisugua mikono kwa ndimu ili isinuke. Alitazama kioo kama anavyotazama karai lake, akitafuta.

“Iko wapi, Dokta?”

“Hii hapa, nyuma ya tumbo. Imelala kama kidole.”

“Hii? Hii tu? Dokta, hata ya mbuzi inanipita!”

Daktari alicheka mpaka akainua mkono kutoka tumboni ili asiharibu picha. “Mbuzi huyo ni wa wapi?”

“Ya Zambia.”

“Basi ni mgeni, usijilinganishe naye.”

Wivine alicheka pia. Kisha akaendelea kukitazama kile kivuli cha kijivu kwa muda mrefu. Anasema alitamani kuingiza mkono, akishike, akioshe kwa maji ya vuguvugu kama anavyofanya kwa vingine vyote.

Vipimo vilionyesha kongosho lake ni karibu nusu ya lile la mtu mzima asiye na kisukari. Si yeye peke yake. Wagonjwa wengi wa aina ya kwanza wana kongosho lililonywea, na jambo hilo ni la kushangaza, kwa sababu chembe za insulini ni sehemu ndogo mno ya kiungo hicho. Ni visiwa vidogo vilivyotawanyika. Sehemu kubwa ya kongosho ina kazi nyingine kabisa, ya kutengeneza maji ya kusaga chakula. Kwa nini basi kiungo kizima kinasinyaa wakati kilichoshambuliwa ni visiwa tu?

Wataalamu bado wanajadili. Dokta Kavugho alijaribu kumweleza Wivine kwa swali.

“Wewe ulikulia wapi?”

“Kipushi.”

“Mgodi uliposimama, ni wachimbaji tu ndio walipata shida?”

“Apana! Papa Gauthier wa mikate alifunga. Fundi wa manguo alifunga. Ba mama ba samaki balienda. Hata padri alibakia na bantu kidogo ku misa.”

“Ndivyo wengine wanavyofikiri kuhusu kongosho. Insulini inalisha sukari mwili mzima, lakini kwanza inawalisha majirani zake palepale. Ikiisha, na majirani wananywea.”

Wivine aliweka mikono juu ya tumbo.

“Sasa Kipushi balifungula mugodi tena,” alisema. “Ya kwangu je?”

“Sijui, mama. Kuona ni kidogo hakuniambii kama inafanya kazi. Duka dogo linaweza kuwa wazi, duka kubwa likawa limefungwa. Tutauliza damu.”

Kipimo cha damu kiliulizwa kwa njia ambayo Wivine hajaisahau. Daktari alimweleza kwamba kongosho linapotengeneza insulini, linaikata kutoka kwenye uzi mrefu zaidi, na kipande kinachobaki huachwa kwenye damu. Ni makombo. Insulini ya chupa haina makombo hayo, kwa sababu yaliondolewa kiwandani. Kwa hiyo makombo yakipatikana kwenye damu ya Wivine, si ya duka la dawa. Ni ya kwake mwenyewe.

Alikunywa kinywaji kitamu alichoandaliwa, akasubiri, akatolewa damu. Chupa ndogo zikapakiwa kwenye barafu na kupelekwa maabara ya nje ya nchi.

Kabla hajaondoka aliuliza lile lililomleta. “Kama kuna makombo, ninaweza kwenda Mitwaba?”

Daktari alimwambia kwamba mtu aliyebakiwa na insulini kidogo ya kwake, sukari yake hairuki ovyo kama ya yule asiye na kitu. Haporomoki ghafla, na dawa ikichelewa hachafuki damu upesi. Njia ndefu inampa nafasi ya kujiokoa. “Lakini kama ni sifuri, kukupandisha lori nitaogopa. Sitakudanganya.”

Wivine alirudi machinjioni na kuwasimulia wenzake yote, neno kwa neno. Hapo ndipo mapenzi yalipoharibu kazi.

Mkubwa wa waosha matumbo ni mama Marceline, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye akiita mteja hata aliye ng'ambo ya barabara hugeuka. Alisikiliza habari ya kongosho kunywea. Alisikiliza kwamba daktari atawapima tena baada ya miezi kadhaa, kuona kama ukubwa umebadilika. Kisha akaweka kisu chini.

“Dokta alisema zamani insulini walikuwa wanaitosha wapi?”

“Mu kongosho ya ng'ombe na ya nguruwe,” Wivine akajibu. Hilo ni kweli: kwa miaka mingi, insulini ya wagonjwa duniani ilikamuliwa kutoka kwenye makongosho yaliyokusanywa machinjioni.

Mama Marceline aliinua mafuta ya bongo juu, yakining'inia. “Na hii njo nini? Bazungu bote bale balikuwa wanatafuta kintu tunatupia ba mbwa!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Waliamua palepale. Kila mmoja angetoa matabishi yake, na Wivine angelishwa mpaka siku ya kipimo cha pili. Walichagua vipande vilivyonona. Wakavikaanga kwa kitunguu na pilipili, wakampa na bukari, ugali wa huku, wakamsimamia mpaka amalize.

“Tulimunenepesha kama bibi arusi,” anasema mama Marceline. “Mutu anakula ini, anapata damu. Anakula supu ya mifupa, anapata nguvu ya mifupa. Miye nilijuaje kama hii iko na sheria yake?”

Kosa kama hilo lisingeweza kutokea nyumbani kwa mwalimu au kwa muuza vitenge. Wao wasingekuwa na kongosho la bure, kila siku, la moto, linalotolewa kwa mikono ya watu wanaowapenda.

Wala chakula chenyewe kisingemdhuru. Kilichomdhuru ni tumaini. Usiku wa pili Wivine aliruka sindano yake. Asubuhi akapunguza nyingine. Hakumwambia mtu.

“Nilijisemea, kama ile ya ng'ombe inaingia, ya kwangu itapumuzika,” anasema, akiangalia maji ya karai. “Ikipumuzika, itaamuka. Nilikuwa nalala nawaza vile. Nilikuwa naota niko Mitwaba, nashuka, nabeba tu mukoba ya manguo. Hakuna chupa, hakuna sindano. Mukoba ya manguo tu, sawa bantu bengine.”

Siku chache baadaye Gracia, aliyekuwa akiosha karibu naye, alisikia harufu.

“Pumzi yake ilikuwa inanuka sawa matunda yameiva kupita,” anasimulia Gracia. “Nikasema, yaya, ulikula nanasi? Hakujibu. Alikuwa anapumua nguvu-nguvu, sawa mutu alikimbia. Halafu akainama, kichwa karibu iingie mu karai.”

Walimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea ngozi, wakasukuma wote hadi barabarani, na mama Marceline akasimama katikati ya njia mpaka teksi ikasimama. Dereva alilalamika kuhusu harufu. Alijibiwa kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyaandika.

Hospitalini walikuta damu ya Wivine imechafuka kwa asidi. Walimtia maji na insulini mshipani. Alipofungua macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Bénie, akiwa bado na sare ya shule, amemshika mguu wake kama anayeshika kamba ya mbuzi asikimbie.

Dokta Kavugho alikuja kesho yake. Wanawake wa machinjio walikuwa wamejipanga ukutani, wakisubiri kugombezwa. Hawakugombezwa.

“Kosa ni langu pia,” daktari anakumbuka kuwaambia. “Nilisema insulini ilitolewa kwenye ng'ombe, sikusema inabaki hai kwa sindano tu. Ukiila, tumbo inaisaga kama nyama yoyote. Tumbo haiulizi: hii ni dawa ao ni mboga?”

Mama Marceline akasema, “Kumbe siku zote zile tulimupikia supu tu.”

“Supu tu, mama.”

“Lakini ilikuwa tamu,” akasema Wivine kutoka kitandani, kwa sauti nyembamba.

Mama Marceline alianza kucheka, akaishia kulia, na muuguzi akawatoa nje wote.

Majibu ya damu yalirudi wiki kadhaa baadaye. Ile damu ilichukuliwa kabla ya karamu za kongosho, kwa hiyo ilisema ukweli wa mwili wake wa kawaida. Wivine hakutaka kwenda peke yake. Mama Marceline aliandamana naye, amevaa kitenge cha Pasaka.

“Si sifuri,” alisema daktari.

Wivine hakuelewa. “Ni ngapi?”

“Kidogo sana. Kidogo hivi kwamba huwezi kuacha hata sindano moja. Unanisikia? Hata moja. Ukiacha, nitakuja mwenyewe machinjioni na kisu.”

“Lakini iko?”

“Iko. Makombo yako yako mule.”

“Sema tena, Dokta,” mama Marceline akadakia. “Niko na masikio ya kuzeeka.”

Daktari akasema tena.

Wivine anasema hakulia hapo. Alilia barabarani, mbele ya muuza maembe, ambaye alidhani amefiwa na akampa pole. Miaka kumi na minne alikuwa akilisema vibaya kongosho lake, akiliita mfu mbele ya ng'ombe na mbele ya watu. Nalo lilikuwa huko nyuma ya tumbo, limenywea, linatengeneza tone moja moja bila kushukuriwa.

Anapoulizwa sasa kama anaota tena ule mkoba wa nguo tupu, jibu lake ni fupi. “Naota,” anasema. “Lakini nikiamuka najitia sindano.”

Dokta Kavugho amempa ruhusa ya safari, na masharti. Hatafika Mitwaba kwa makombo, amemwambia. Atafika kwa insulini ya chupa, na makombo ni ya kumpa muda wa kupumua kitu kikiharibika njiani. Dawa igawanywe kwenye mizigo miwili. Sukari na biskuti zikae mfukoni, si kwenye gunia. Na chupa zisisafiri tena juani. Zitakaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kibichi. Maji yanapokauka, yanaondoka na joto.

Vyungu hivyo viko tayari. Vimekaa kwenye kona ya chumba kimoja anachoishi Wivine na binti yake, na Bénie amepewa kazi ya kuloanisha mchanga asubuhi na jioni, kwa majaribio. Papa Ruben alikuja kutia mkono ndani. Alikiri kwamba chungu ni baridi kuliko friji yake siku ambazo hakuna umeme, kisha akauliza kama hakiwezi kuingia soda mbili.

Mpango ni kuondoka mvua zikishakatika na njia ikakauka, shule zikifunga, katika ile miezi ambayo Lubumbashi yenyewe hutetemeka kwa baridi. Kabla ya hapo kuna kipimo cha pili cha ekografi. Wanawake wa machinjio wameapa kutopika kitu. Mama Marceline amepata nafasi mbili kwenye lori la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, mbele, karibu na dereva, si juu ya magunia. Bénie atasafiri na mama yake. Amefundishwa kupima damu, kudunga sindano, na kutambua uso wa mama yake unapoanza kupoteza sukari.

“Anatoka jasho hapa,” Bénie anaonyesha juu ya mdomo wake, “na anaanza kugombana na bantu bure.”

“Bure?” Wivine anamgeukia.

“Si unaona? Ameanza.”

Jumapili, baada ya misa, simu inalia. Bénie anaiweka katikati ya meza, sauti nje. Kutoka kilimani Mitwaba upepo unaingia kwanza, kisha mama Mapalo, bila salamu.

“Ile nyama yako ya mu tumbo, dokta alisema nini?”

“Iko ndogo, mama,” Wivine anajibu. “Lakini iko.”

Upepo unavuma kidogo kule upande wa pili.

“Weye pia ulizaliwa ndogo,” anasema mama Mapalo. “Ba mama ba Kipushi balikuya kuangalia, balisema huyu hatafika Noeli. Miye nilibaambia tu: iko.”

Wivine anaweka kiganja mezani, karibu na simu, kimefunguka, kama anavyokiweka chini ya kipande anachokipima.

“Tutakuya, mama. Mvua ikiisha. Mwezi wa saba.”

Ni mara ya kwanza kumtajia mwezi. Mama yake anaurudia polepole, mwezi wa saba, kisha anamwita mjukuu.

“Bénie, uko mrefu?”

“Ndiyo, kambo,” anajibu, kwa neno la huku la bibi. “Napita mama.”

“Basi ushuke wa kwanza,” anasema bibi. “Usimame wima. Sioni tena vintu vidogo.”